Estonia wanapiga kura jikoni: kwa nini sisi tuhesabu karatasi hadi alfajiri?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi katika kituo kimoja cha Kaunti ya Kilifi. Tulihesabu kura kwa taa ya betri hadi karibu na alfajiri, na kulipokucha bado watu walitushuku. Binamu yangu anasoma Tartu, kule Estonia, naye ananiambia wenyeji wake wanapiga kura wakiwa jikoni, kwa kompyuta, bila foleni wala karatasi. Kama Ulaya wameweza, kwa nini sisi tunaendelea kuteseka na makaratasi? Na ni kweli kwamba kura ya namna hiyo haiibiki?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na asante kwa kazi uliyoifanya. Nimeshughulika na usalama wa mifumo ya kompyuta kwa zaidi ya miaka 20, na swali lako ni mojawapo ya yale ambayo huwa sitaki kuyajibu kwa sentensi mbili, kwa sababu jibu fupi la upande wowote ule linapotosha.

Kwanza tuliweke sawa hilo neno "Ulaya". Ulaya haijaweza. Iliyoweza ni Estonia, nchi ya watu milioni 1.3 hivi, na ndiyo pekee inayomruhusu kila mpiga kura wake kupiga kura kwa intaneti, iwe ni uchaguzi wa bunge au wa serikali za mitaa. Uswisi inaruhusu katika majimbo machache. Ufaransa inawaruhusu raia wake walio ng'ambo, na hata hao mwaka 2017 walinyimwa kwa hofu ya wadukuzi. Norway ilijaribu mwaka 2011 na 2013, kisha ikaacha. Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Ireland, ambazo hazikosi fedha wala wahandisi, hadi leo wapiga kura wao wanatia alama kwenye karatasi kwa mkono. Kwa hiyo yako maswali mawili hapa: Estonia wamefanyaje, na hao wengine wanaogopa nini?

Binamu yako hakukudanganya. Machi 2023, wakati wa uchaguzi wa bunge lao, nilikuwa Tallinn kikazi, na mwenyeji wangu akanikubalia niketi mezani kwake nione. Alichukua kitambulisho chake cha taifa, kadi yenye chipu, akaichomeka kwenye kisoma kadi kidogo kilichounganishwa na kompyuta. Akaandika namba ya siri ya kwanza, ya tarakimu 4. Hiyo kazi yake ni moja tu: kusema "mimi ni fulani". Programu ya uchaguzi ikafungua orodha ya wagombea wa jimbo lake, na hapo akaniomba nigeuke nitazame dirishani, kwa sababu kura ni siri hata kwa mgeni uliyempikia. Nilipoitwa tena alikuwa anaandika namba ya pili, ya tarakimu 5. Hiyo ndiyo saini, na kwa sheria za kwao ina uzito uleule wa saini ya wino. Mwishowe ukatokea msimbo wa QR kwenye skrini. Akausoma kwa simu yake, na simu ikamwonyesha, yeye peke yake, jina alilolichagua kama lilivyopokelewa na seva. Ana dakika 30 za kufanya ukaguzi huo, baada ya hapo mlango unafungwa. Chai aliyojimiminia kabla ya kuanza ilikuwa bado inatoa moshi.

Ndani ya mashine kinachotendeka si kigeni kwako wewe uliyewahi kushika bahasha za kura. Fikiria kura imetiwa katika bahasha isiyo na jina, ikafungwa. Bahasha hiyo ikatiwa ndani ya nyingine yenye jina na saini ya mpiga kura. Tume inapoipokea inasoma ile ya nje: huyu yumo kwenye daftari, saini ni yake, sawa. Wakati wa kuhesabu ukifika, bahasha za nje zinavuliwa na kuwekwa kando, za ndani zinachanganywa zisijulikane ni za nani, ndipo zinafunguliwa. Ufunguo wa kuzifungulia umegawanywa vipande kwa watu kadhaa, hakuna awezaye kuzifungua peke yake. Hapo bahasha ni hesabu badala ya karatasi, basi.

Na kama mume anamsimamia mkewe aone anampigia nani? Hilo wamelifikiria. Mpiga kura anaweza kurudia kupiga kura ya mtandao mara nyingi apendavyo katika zile siku zilizowekwa, na inayohesabiwa ni ya mwisho. Akienda kituoni akapiga ya karatasi, ile ya mtandao inafutwa. Aliyelazimishwa asubuhi anaweza kujikomboa jioni. Kwangu mimi huu ndio ubunifu bora kuliko yote katika mfumo wao, na wala hauhitaji kompyuta ya ajabu.

Lakini binamu yako ameona paa. Msingi ulichimbwa kabla hajazaliwa, au akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2001 Estonia ilizindua njia ya kupitishia taarifa iitwayo X-Road. Hakuna ghala moja kubwa linalokusanya habari za raia wote. Kila ofisi inabaki na daftari lake, hospitali la kwake na idara ya ardhi la kwake, na ofisi moja ikitaka jambo kutoka kwa nyingine inauliza kupitia njia hiyo iliyofungwa, na kila swali linaacha alama. Mwaka 2002 wakaanza kugawa kile kitambulisho cha chipu. Watu wakakitumia benki, wakakitumia kulipa kodi, na kuanzia 2010 hata dawa wakawa wanachukua kwa cheti cha daktari kilicho kwenye mtandao. Kura ilikuja 2005, na walioijaribu mara ya kwanza walikuwa watu 9,317 tu, hata wapiga kura 2 katika kila 100 hawakufika. Ilichukua miaka 18, hadi ule uchaguzi wa 2023 nilioushuhudia, ndipo kura za mtandao zikavuka nusu. Kwa hiyo mtu wa Tallinn anapobonyeza kumchagua mbunge, mkono wake umeshazoea kadi ileile na namba zilezile za siri kwa nusu ya umri wake. Mwanasiasa anayekuahidi kura ya simu katika muhula mmoja hajakueleza atakata wapi hiyo miaka 18.

Sasa, haiibiki? Hapana, hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekuapia hivyo, na Waestonia wenyewe hawaapi. Mwaka 2011 mwanafunzi mmoja alionyesha kwamba virusi ndani ya kompyuta ya mpiga kura vinaweza kuizuia kura isifike, na mwenyewe asijue. Hoja yake ya kutaka matokeo yafutwe ilikataliwa, lakini ule ukaguzi wa QR kwa simu, ulioanza 2013, ulitokana na mjadala huo. Simu ni chombo cha pili, na mwizi sasa inambidi aingie kwenye vyombo viwili. Mwaka 2014 kundi la wataalamu likiongozwa na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan lilichunguza mfumo mzima na kushauri usitishwe. Haukusitishwa. Ulirekebishwa.

Kisha ikaja 2017, nayo nataka uikumbuke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, mjini Brno, waligundua kwamba chipu ya kadi ile, iliyotengenezwa na kampuni ya Infineon, ilikuwa inazalisha funguo dhaifu: mwenye kompyuta za kutosha angeweza kukokotoa ufunguo wa siri wa mtu bila hata kuishika kadi yake. Kadi zilizoguswa zilikuwa kama 750,000, katika nchi ya watu milioni 1.3, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umebakiza wiki chache. Serikali ingeweza kunyamaza hadi kura zipite. Mapema Septemba ikajitokeza hadharani ikasema tatizo ni hili, na hatua tunazochukua ni hizi. Uchaguzi ukafanyika Oktoba, na Novemba vyeti vya kadi zote zilizokuwa na kasoro vikasimamishwa hadi vifanyiwe marekebisho. Mimi nasoma mambo ya usalama kila siku, na nakwambia kilichowaokoa ni kusema mapema. Kasoro ya chipu inaweza kumpata yeyote. Mamlaka inayotangaza kasoro yake yenyewe katikati ya msimu wa uchaguzi ni adimu.

Hata hivyo bado kuna jambo ambalo marekebisho hayajalimaliza. Baada ya uchaguzi wa 2023, chama cha EKRE, ambacho wafuasi wake wengi hupiga kura ya karatasi, kilizikataa kura za mtandao na kwenda mahakamani. Mahakama ya Juu ikayatupa malalamiko. Kisheria yameisha. Ila jaribu kukaa kwenye kiti cha mfuasi wa chama hicho, mkulima wa kijijini. Anaambiwa hesabu zimethibitisha. Zipi? Aziangalie wapi? Uthibitisho upo kweli, ni wa kihisabati, na msimbo wa programu ya seva umewekwa wazi tangu 2013. Wanaoweza kuusoma na kuuelewa ni watu wachache sana. Huyu mkulima haambiwi "njoo uone". Anaambiwa "tuamini sisi tulioona".

Hapo ndipo Wajerumani waliposimama. Katika uchaguzi wa bunge wa 2005, Wajerumani wapatao milioni 2 walipiga kura kwa mashine za kampuni ya Nedap. Baba mmoja na mwanawe wakashtaki. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe ikaamua kwamba matumizi yale yalikiuka katiba. Ukisoma uamuzi utashangaa jambo moja: majaji hawakusema kura hata moja iliibwa, na uchaguzi hawakuufuta. Walichosema ni kwamba uchaguzi ni jambo la hadhara, na raia wa kawaida lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za upigaji na uhesabuji wa kura kwa macho yake, kwa uhakika, bila kuwa na ujuzi maalumu wa kitaalamu. Mashine isiyoweza kutimiza hilo haifai, hata kama haijawahi kukosea.

Nimeufikiria uamuzi huo miaka mingi, na kadiri ninavyoijua kompyuta ndivyo ninavyoukubali zaidi. Rudi kwenye kituo chako Kilifi. Debe lilipomiminwa mezani, mama anayeuza samaki sokoni, aliyeteuliwa kuwa wakala wa chama, alikuwa amesimama pale. Aliona karatasi ikiinuliwa, akaona alama, akasikia jina likitajwa, akachora kijistari kwenye daftari lake. Hakuhitaji shahada. Kama ungemtajia jina lisilo sahihi angepiga kelele, na kituo kizima kingegeuka. Kule Ujerumani ni vivyo hivyo: saa 12 jioni vituo vinafungwa, karatasi zinamwagwa mezani katika darasa la shule, na mtu yeyote anaweza kuingia, akasimama ukutani, akatazama hadi mwisho. Karatasi nayo inaibiwa, hilo tunalijua sote. Lakini kuziiba kura za karatasi laki moja unahitaji watu wengi, vituo vingi, na usiku mrefu wa kuogopa mashahidi. Kuziiba kwenye seva, ukipata tundu, unahitaji mtu mmoja, na hatokwi na jasho.

Waholanzi walifika mahali hapohapo kwa njia ya maonyesho. Karibu nchi nzima ilikuwa inapiga kura kwa mashine. Oktoba 2006 kundi la wanaharakati, mmoja wao Rop Gonggrijp, lilipata mashine chache, likaonyesha kwenye televisheni kwamba kubadilisha chipu zake ni kazi ya dakika chache. Kwa kuwa ilikuwa ikidaiwa kwamba mashine ile haijui kazi nyingine ila kuhesabu kura, wakaifundisha kucheza sataranji. Lakini mimi kilichonishika ni ugunduzi wao mwingine. Skrini ya mashine ilikuwa inatoa mawimbi hafifu ya redio, kama vyombo vyote vya umeme. Chama cha CDA jina lake kamili lina herufi moja yenye alama juu yake, è, katika neno "Appèl". Ili kuichora herufi hiyo skrini ilibadili mwendo wake, na mawimbi yakabadilika nayo. Mtu aliyekaa mita kadhaa nje ya kibanda, akiwa na redio ya kunasia, aliweza kujua kwamba aliyemo ndani amekichagua CDA. Siri ya kura ikavujishwa na kijialama cha herufi. Hakuna mhandisi aliyepanga hivyo, na hakuna msimamizi wa kituo ambaye angeweza kuligundua jambo hilo. Mwaka 2007 vibali vya mashine vikaondolewa, na wapiga kura wakarudishiwa karatasi na penseli nyekundu, ambayo wanaitumia hadi sasa. Mwaka 2017, programu ya kujumlishia matokeo ilipoonekana kuwa na udhaifu, waziri wao wa mambo ya ndani akatangaza wiki chache kabla ya uchaguzi kwamba kura zitahesabiwa kwa mikono.

Mifano mingine nitaipitia haraka. Mwaka 2003, Schaerbeek, mtaa wa Brussels, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada ambazo hakuna mtu aliyempigia. Iligunduliwa kwa sababu tu jumla yake ilikuwa haiwezekani. Wataalamu hawakupata sababu nyingine ila kwamba kumbukumbu ya kompyuta iligeuka yenyewe mahali pamoja, kutoka 0 kuwa 1, na mahali hapo thamani yake ni 4,096 kamili. Mwaka 2008 Finland ilijaribu mashine katika miji mitatu midogo. Watu 232 walitoa kadi kabla ya kubonyeza kuthibitisha, kura zao zikapotea, na mahakama ikaamuru uchaguzi urudiwe. Ireland ilitumia zaidi ya yuro milioni 50 kwa mashine ambazo, baada ya majaribio ya 2002, hazikutumika tena, hadi zilipouzwa kama vyuma chakavu mwaka 2012 kwa yuro 70,000 hivi.

Usinielewe vibaya. Simwambii mtu aiogope kompyuta, ndiyo inayonilisha. Ninachouliza kila mara ni hiki: katika kazi hii, kompyuta inamwongezea raia macho au inamfunga macho? Na Kenya, mwanangu, ina somo la kuwafundisha wengine hapa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais, sehemu ya mzozo ilikuwa seva: tume iliamriwa ifungue mitambo yake ikaguliwe, na majaji wakaona amri haikutekelezwa ipasavyo. Mwaka 2022 mambo yakageuzwa. Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za vituo zaidi ya 46,000, zilizojazwa kwa mkono na kutiwa saini, zikapigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Vyombo vya habari vikajumlisha, wanafunzi wakajumlisha, vijana kwenye vibaraza wakajumlisha kwa simu zao. Ukarani wako ulikuwa sehemu ya hilo. Kesi ilikuja tena, ndiyo, lakini safari hii mlalamikaji, mlalamikiwa na muuza kahawa walikuwa wanaangalia karatasi zilezile. Hapo kompyuta haikuhesabu kura gizani, ilibeba picha ya kazi ya mikono yenu ikaionyesha nchi nzima. Kwa maoni yangu mpangilio huo unaukaribia ule wa majaji wa Karlsruhe kuliko unavyoukaribia ule wa Tallinn, na nisingeubadilisha kwa kura ya jikoni.

Kuna jambo hukuniuliza, ila nisipolisema nitakuwa nimekupa nusu ya habari. Tunapozungumza juu ya teknolojia na utawala huko Ulaya, wengi tunakimbilia kura, ilhali kilio kikubwa zaidi kilitokea kwenye ofisi ya kodi. Uholanzi, hiyohiyo ya penseli nyekundu, ilikuwa inawapa wazazi ruzuku ya kulipia malezi ya watoto mchana. Idara ya kodi ikawa inatumia mfumo wa kompyuta kuchagua nani ashukiwe udanganyifu, na kuwa si raia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Makumi ya maelfu ya wazazi wakatakiwa kurudisha fedha walizokuwa na haki nazo, wengine makumi ya maelfu ya yuro. Watu walipoteza nyumba, ndoa zilivunjika, na watoto zaidi ya 1,000 wa familia hizo waliondolewa kwa wazazi wao. Mzazi alipoomba aone faili lake ajue kosa lake ni nini, alipewa kurasa zilizopakwa wino mweusi, ukurasa baada ya ukurasa. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu kwa ajili hiyo tarehe 15 Januari 2021, na baadaye mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ikaitoza idara hiyo faini ya yuro milioni 2.75.

Linganisha kurasa hizo nyeusi na nilichoonyeshwa na mwenyeji wangu wa Tallinn alipomaliza kupiga kura. Alifungua ukurasa mwingine wa serikali, akanionyesha orodha ya ofisi zilizotazama taarifa zake: tarehe, saa, ofisi gani. Kliniki. Polisi, siku aliposimamishwa barabarani. Akiona jina la ofisi asiyoijua anaandika kuuliza, na lazima ajibiwe. Huko Uholanzi mashine ilikuwa inamtazama raia, raia asiweze kuitazama. Estonia, angalau katika hili, wanatazamana. Ukiniuliza tuige nini kutoka kwao, nitakwambia tuanze na orodha ile, miaka mingi kabla hatujaifikiria kura.

Sheria nazo zimeanza kufuata. Tangu Mei 2018 sheria ya taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya inampa mtu haki ya kukataa uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Sheria yao ya akili unde, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, inaiweka mifumo ya kuamua nani apewe msaada wa serikali, na ile ya kushawishi wapiga kura, katika kundi la hatari kubwa. Na hapa nyumbani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilifuata kwa sehemu kubwa mfano wa ile ya Ulaya, haki hiyo ya kukataa uamuzi wa mashine ikiwemo. Wakenya wengi hawajui kwamba wanayo. Nawe ukinyimwa kitu na ofisi kwa sababu "kompyuta imekataa", ulizia kwa maandishi ni binadamu gani aliyeamua.

Karatasi nayo haizuii kila kitu. Romania mwaka 2024 kura zilikuwa za karatasi, zikahesabiwa, na kabla ya raundi ya pili ya urais Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi wote tarehe 6 Desemba, kwa sababu ya namna kampeni ya mgombea mmoja ilivyopandishwa kwenye mitandao, hasa TikTok. Sanduku lilikuwa salama. Kilichovamiwa ni masikio ya watu kabla hawajalifikia sanduku. Hilo ni swali refu la siku nyingine.

Nirudi kwenye usiku wako. Unasema mliteseka na makaratasi. Wajerumani nao wanahesabu makaratasi, na nchi yenye watu zaidi ya milioni 80 inapata picha ya matokeo usiku uleule. Tofauti iko wapi? Mpiga kura wa Kijerumani anapewa karatasi moja ya bunge, ana alama mbili za kutia, na nchi nzima inaita watu wa kujitolea wapatao 650,000 kusimamia na kuhesabu. Wewe ulikuwa na karatasi sita kwa kila mtu: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na wa wadi. Kituo kinaruhusiwa kuwa na wapiga kura hadi 700. Wakija wote, ni karatasi 4,200, zinazohesabiwa na makarani walewale walioamka saa 10 alfajiri kufungua mlango, kwa taa ya betri. Intaneti haikuhusika na uchovu huo, na haitauondoa. Tume ikiitisha maoni kabla ya 2027, peleka barua yenye ombi la kikundi cha pili cha makarani kuanzia saa 11 jioni, na taa mbili za kutosha kwa kila meza.